Punda Aliyepeleka Televisheni Mtoni

Hii hadithi ukiisikia utaniona mjinga, na sikukatazi. Nimeisimulia sokoni, nimeisimulia kwa kinyozi, na kila mahali watu wanaanza kucheka kabla sijafika katikati, kwa sababu wanamjua punda wangu. Basi acha niiandike mwenyewe, kabla watu hawajaitia chumvi mpaka ikawa punda ndiye alikuwa anatazama mpira na mimi ndiye nilikuwa nimefungwa kamba.

Kazi yangu ni maji. Nina mkokoteni, nina punda jike, na nina mgongo unaouma. Nikiwa darasa la nane mwalimu aliniuliza nataka kuwa nani nikiwa mkubwa. Nikamwambia, mtu wa kukaa chini. Darasa lote likacheka. Sasa hivi nakaa chini kweli, kwenye ubao wa mkokoteni, kuanzia alfajiri. Kwa hiyo dua ilipokelewa, ni vile tu sikutoa maelezo ya kutosha.

Mimi na dada yangu tulilelewa hapa Garissa na eedo, yaani dada ya baba. Wazazi wako Elwak na mifugo yao na wale watoto wadogo. Sisi wawili tuliletwa mjini tusome. Mimi shule ilinichoka. Dada yangu, abaayo namwita, naye huniita abowe, yaani kaka, shule ilimpenda, halafu mpira ukampenda zaidi. Ni golikipa. Wako na timu yao ya wasichana wa mtaa, wanavaa suruali ndefu na hijabu za kubana, wanafanya mazoezi asubuhi mapema kwenye uwanja wa shule kabla wanaume hawajaamka kutoa maoni.

Eedo anauza maziwa ya ngamia. Anaamka kabla ya mimi, na mimi naamka kabla ya jogoo. Anasubiri gari la kutoka porini, anashusha mitungi yake, kila mmoja umefungwa kitambaa chekundu kwenye mkono ili usichanganywe na wa mwingine, halafu anasimama. Anasimama mpaka maziwa yaishe. Akirudi nyumbani mchana analala chali kwenye mkeka na miguu anaiegemeza juu ukutani, ili damu irudi ilikotoka. Abaayo anakaa hapo karibu anamkanda. Ukuta wetu ukiingia utaona alama mbili nyeusi, hapo ndipo visigino vya eedo vinapumzika. Wageni wanadhani ni moshi.

Sasa hiyo timu ikaalikwa Habaswein kucheza na wasichana wa huko, walale usiku mmoja kwenye shule, warudi. Mwalimu wao wa kike alikuja nyumbani kuomba ruhusa, akanywa chai, akaongea vizuri sana. Eedo akamsikiliza mpaka mwisho, akamsindikiza mpaka mlangoni, akarudi akakaa. Haya maneno yake yalikuwa ya Kisomali. Mimi nayaleta kwa Kiswahili, lakini ukali nimeuacha huko, hauwezi kusafiri.

"Wanaenda kufanya nini?"

"Kucheza, eedo," abaayo akajibu.

"Nimeuliza wanaenda kufanya nini."

"Mpira. Ni mashindano."

"Msichana mkubwa hivi anabebwa barabara yote ile, mavumbi mpaka kwenye meno, aende kucheza. Mimi nimecheza lini? Wewe umewahi kuniona nacheza?"

Hapo nikaingia. Mdomo wangu huwa haungoji kuitwa. Nikasema, "Eedo, unacheza na wateja kila siku. Unawaambia maziwa yameisha na mtungi uko nyuma yako."

Akanitazama. Nikachukua kikombe cha mwalimu nikaenda kukiosha.

Abaayo hakulia, yeye si wa kulia. Alimwambia taratibu kwamba Jumapili kuna mpira wa wanawake wa dunia nzima, wa fainali, Wahispania na Waingereza, na kwamba wanaume na wanawake wa kila nchi watakaa watazame. Eedo akafikiria. Akasema sawa, na yeye atautazama. Akiona ni kitu cha maana, mtoto ataenda Habaswein. Akiona ni upuzi, lile begi ambalo abaayo ameshalifunga na kulificha nyuma ya pipa, eti anadhani hakuna aliyeliona, litawekewa mkaa. Lakini hatakaa mahali wanaume wanakaa. Iletwe hapa nyumbani, atatazama na wenzake wa maziwa.

"Niachieni mimi," nikasema.

Hayo maneno mawili yamenitesa maisha yangu yote.

Sisi nyumbani hatuna televisheni. Lakini rafiki yangu mmoja ana banda la mpira, lile la mabati karibu na stendi, ambapo vijana wanakaa wakitafuna jaba, yaani miraa, na kupiga kelele. Nikaenda kumwomba televisheni yake na dekoda na antena, kwa mchana mmoja tu.

"Ya wanawake?" akaniuliza.

"Ya wanawake."

"Mchana hakuna mtu anakuja kuitazama hapa, chukua. Lakini jioni nina mechi. Ikirudi na mkwaruzo nitakuweka wewe ukutani, watu wakutazame mpaka saa nne."

"Watachoka kunitazama."

"Nitakuzima."

Wiki hiyo mabomba ya mtaa wetu yalikuwa yamekauka. Mtu wa mjini anaweza kudhani kwetu sisi hiyo ni furaha, watu wa punda. Si furaha. Mtu akikosa maji anakuchukia wewe unayeyaleta, kwa sababu hukuyaleta jana. Nilikuwa natoka gizani narudi gizani, mikono imechanika kwa kamba, nikifumba macho naona mitungi. Hata punda alikuwa amechoka mpaka anapumua kama mtu anayesikiliza habari mbaya. Jumapili nilipiga safari za asubuhi, nikaswali adhuhuri, nikashusha mitungi yote nyumbani, nikaenda bandani kuchukua televisheni.

Tuliifunga vizuri. Blanketi, halafu mkeka, halafu kamba ya maji. Nikapanda nikakaa kando yake, mkono mmoja juu yake kama mtu anayemlinda mgonjwa. Jua lilikuwa lile la kwetu. Kutoka bandani mpaka nyumbani si mbali, hata mzee wa magongo anafika. Nikamwambia punda twende. Kitu cha mwisho ninachokumbuka ni kwamba blanketi lilikuwa laini.

Lazima nieleze vitu viwili, la sivyo hutaelewa.

Cha kwanza, punda wangu anajua kazi kuliko mimi. Njia ya kwenda mtoni anaijua, njia ya kurudi anaijua, na kila geti la mteja anasimama mwenyewe, anangoja nishushe, akisikia mzigo umepungua anaendelea. Sijawahi kumfundisha. Alijifunza kwa kurudiarudia, kama sisi tulivyojifunza wimbo wa taifa.

Cha pili, sisi wachota maji tuna adabu yetu. Mtu akisinzia foleni hatumwamshi. Usingizi wa mchota maji ni haki yake, hajui ataupata wapi tena. Ikifika zamu, wa nyuma anasogeza punda wake mbele taratibu. Mimi mwenyewe nimesogeza wengi. Nimewahi kusogeza mtu mpaka bombani, nikamjazia, na akaamka mteja wa kwanza akiwa ameshalipa. Hiyo ndiyo heshima tuliyo nayo, hatuna nyingine.

Basi nilipofumbua macho, kwanza niliona masikio ya punda. Halafu nikaona punda wengine. Halafu nikaona Tana, mto wenyewe, wa rangi ya chai ya maziwa, na pampu inanguruma, na mzee wa pampu amesimama mbele yangu na bomba la mpira mkononi.

"Warya, kijana," akasema, "huu mtungi wako wa bapa mdomo uko wapi?"

Alikuwa anagonga televisheni.

Nikaruka. Nyuma yangu foleni yote ya mikokoteni, wanaume wamekaa kwenye ubao, wananitazama kwa upole sana.

"Kwa nini hamkuniamsha?" nikawauliza.

"Ulikuwa umechoka," mmoja akajibu.

"Hamkuona nimebeba televisheni?"

"Tuliona kitu kimefungwa blanketi. Tukasema labda ni godoro la mgonjwa, linaenda kuoshwa. Mambo ya nyumba ya mtu hatuulizi."

"Punda alijipanga mwenyewe," mwingine akasema. "Tulikusogeza pole pole. Hata jua tulikuwa tunakukingia na gunia."

Na kweli, kichwani nilikuwa na gunia. Utamkasirikia nani? Niliuliza saa. Mpira ulikuwa umeanza kitambo, kipindi cha kwanza kilikuwa kinaelekea kuisha. Nikageuza punda.

Punda hakugeuka.

Huyu mnyama hana tabia ya kutoka mtoni mtupu. Kwake yeye mkokoteni mwepesi ni kazi ambayo haijaisha. Nilimvuta, nikamsukuma, nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alisimama akitazama pampu. Wale wanaume walishuka kunisaidia, mmoja mbele, wawili nyuma. Punda akatushinda sote.

"Mpe anachotaka," mzee wa pampu akasema. "Wewe una haraka, yeye hana."

Ikabidi niazime mitungi. Wakanijazia, tukaipanga kuzunguka televisheni, tukabana blanketi lisilowe. Punda alipousikia uzito akashusha pumzi, akaanza kutembea. Alitembea mwendo wake ule ule, wa kila siku.

Na kila geti akasimama.

Geti la kwanza la mama mmoja ambaye alikuwa hajapata maji tangu juzi. Nilikuwa nimepanga kumwambia haya si yake. Akatoka na ndoo, na mtoto mgongoni, akasema, "Mungu akubariki, nilijua hutanisahau." Wewe ungefanya nini? Nikashusha. Geti la pili hivyo hivyo. La tatu nilijaribu kumpiga punda apite, akageuza kichwa akanitazama kama eedo. Nikashusha. Nilikuwa nabeba mitungi begani huku nikiwazia lile begi nyuma ya pipa, na mkaa. Dada yangu hajawahi kuniomba kitu. Viatu vyangu vya shule vilipomfika vilikuwa vimetoboka, akavivaa. Hii moja tu ndiyo aliyoitaka, na nilikuwa naipeleka kwake kupitia mtaa mzima.

Nilipofika nyumbani abaayo alikuwa amesimama mlangoni. Aliona kamba imelowa, akaona tope kwenye magurudumu, akaona gunia bado liko kichwani mwangu. Alilitoa, akalikunja vizuri, akaliweka chini. Afadhali angenipiga nalo.

Ndani uani mikeka ilikuwa imetandikwa. Wanawake wa maziwa walikuwa wamekuja, wakangoja, wakachoka, wakaenda. Alibaki eedo na jirani yake wa sokoni, mama mmoja mpana ambaye mdomo wake na wangu ni ndugu. Eedo alikuwa amelala chali, miguu ukutani.

"Imekuja?" akauliza bila kugeuka.

"Imekuja, eedo."

"Ilikuwa inatoka Habaswein?"

"Imepita mtoni kwanza," jirani akasema. "Inanuka samaki."

Tuliiweka juu ya pipa. Abaayo akashika antena, mimi nikahangaika na nyaya, plagi inakataa kuingia. Ikawaka. Mvua ya mchanga, halafu sauti, halafu picha. Huko walikochezea ilikuwa usiku, taa zimewashwa, nyasi zimelowa mwanga. Wahispania wenye nyekundu wanaongoza moja bila. Waingereza wenye bluu wanasukuma kutafuta la kurudisha. Saa ya kwenye kona ilikuwa inaelekea ukingoni.

"Ndiyo inaanza?" eedo akauliza.

Nikafungua mdomo nimdanganye. Abaayo akaniwahi. "Inaisha, eedo. Zimebaki dakika chache."

Eedo akashusha miguu ukutani, polepole, mmoja halafu mwingine, akakaa. Nilijua amekasirika. Mtu ambaye amesimama tangu alfajiri ukimwomba akutazamie kitu, halafu unamletea mkia tu. Akatazama kaptura. Niliona anatazama kaptura.

"Nguo gani hizi?"

"Huko kwao ndiyo hivyo," jirani akasema. "Hata bibi zao wanavaa."

"Na yako wewe?"

"Ndefu, eedo," abaayo akajibu. "Mpaka hapa. Na mikono mirefu. Mwalimu ndiye alishona."

Eedo akarudisha macho kwenye picha. Kwenye televisheni msichana mmoja wa bluu alikimbia kuufuata mpira pembeni, ukamponyoka ukatoka nje. Hakurudi mbio. Aliinama, mikono magotini, kichwa chini, mabega yanapanda na kushuka. Eedo akasogea mbele kidogo.

"Huyu anaumwa?"

"Amechoka."

"Si walikuwa wanacheza?"

Mwingine, wa nyekundu, akaanguka mwenyewe bila kuguswa, akashika nyuma ya mguu. Mwenzake akaja. Akamlaza chali. Akauinua mguu wake juu, akaushika kwenye kisigino, akausukuma taratibu, akaukanda.

Hata jirani akaweka kikombe chini.

Eedo alitazama ule mguu ulioinuliwa, halafu akageuka akatazama ukuta wetu, zile alama mbili nyeusi. Halafu akamtazama abaayo, ambaye bado alikuwa amesimama na antena kama mlingoti, haoni picha hata kidogo, kwa sababu akisogea inapotea.

"Huyo anayemkanda ni nani yake?"

"Wanacheza timu moja tu."

"Si ndugu?"

"Si ndugu, eedo."

"Na huyo mwenye filimbi naye ni mwanamke?"

"Naye."

"Anawakemea vizuri," eedo akasema.

Filimbi ya mwisho ikalia. Wekundu wakarukiana. Lakini eedo hakuwatazama hao. Alikuwa anawatafuta wa bluu. Walikuwa wamekaa kwenye nyasi, mmoja mmoja, wengine wamelala wakitazama juu, wanalia bila haraka, kama watu ambao hata kulia kunahitaji nguvu na wao wamezimaliza. Eedo alikaa anawatazama mpaka tukadhani amesinzia. Nje punda alikuwa anakojoa, tukamsikia mpaka akamaliza.

"Niliambiwa ni kucheza," eedo akasema mwishowe. "Mwalimu alisema kucheza. Wewe ukasema kucheza. Kwa nini hamkuniambia ni kazi?"

Antena ilianza kutikisika.

"Usiku huko Habaswein nani atakukanda miguu?"

"Wenzangu. Na mimi nitawakanda."

"Na mimi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe. Sikuwa nimeliona. Siku zote hizo nilidhani eedo anaogopa barabara, anaogopa kaptura, anaogopa maneno ya watu. Hata abaayo naona hakuwa amefikiria.

"Mimi nitakuja," jirani akasema. "Nitakukanda mpaka upige kelele. Mwache mtoto aende."

Eedo akacheka kidogo, kupitia puani, akalala tena, akarudisha visigino kwenye alama zake. "Toa begi nyuma ya pipa," akasema, "kabla panya hawajaenda Habaswein mbele yako."

Halafu akaniita. Kwetu shangazi akimpenda mtoto humwita kwa jina lile lile mtoto analomwitia yeye.

"Eedo," akaniambia, "na wewe utaenda nao. Wachotee maji."

"Sawa, eedo."

"Bila punda."

Nilirudisha televisheni kabla ya mechi ya jioni. Rafiki yangu aliinusa, akaniuliza kwa nini ina matope, nikamwambia ni ya ushindi. Nilirudi nyumbani nimechoka hata sina hamu ya kujitetea. Abaayo alikuwa amekaa kwenye kizingiti, glavu zake za golikipa mapajani, anashona kidole kilichofumuka. Nikakaa karibu naye. Nikamwambia samahani kwa kuchelewa, kwamba ningefika mapema eedo angeona mpira wote, bao na kila kitu, na yeye hangeteseka hivyo na antena.

Aliendelea kushona. Alisema mwanzoni wachezaji wangekuwa wasafi, wanatabasamu, wanaimba, nywele zimesukwa, na eedo angeona kaptura na vicheko, angeinuka kabla chai haijapoa. Akakata uzi kwa meno.

"Siku nyingine ukitaka kunisaidia, abowe," akaniambia, "lala tu."